Siku barza ya Kikwajuni ilipolifuta Kombe la Dunia la 1958

Swali lilikuwa la tisa, na nililitia pale makusudi liwe la kupumzikia: Kombe la Dunia la mwaka 1958 lilichezwa nchi gani? Barza mbili za Kikwajuni, mtaa wa hapa Unguja mjini, zilikuwa zinashindana chemsha bongo baada ya sala ya isha. Ulikuwa mwezi wa Juni, kipupwe kimeshaingia, wazee wamejitupia mashuka mabegani. Zawadi ilikuwa mpira mmoja mpya, seti ya jezi na katoni mbili za soda. Mimi nasomesha historia skuli ya sekondari na nakaa mtaa huohuo, kwa hiyo nilipewa kazi ya kuuliza na kuhukumu. Kazi isiyo na ujira ila lawama.

Nahodha wa barza ya chini, kijana wa miaka 19, alisimama bila hata kuwatazama wenziwe.

"Halikuchezwa, ticha."

Nikadhani hakunisikia. Nikarudia swali. Naye akarudia jibu, mara hii polepole, kama anayemfahamisha mgeni njia: "Halikuchezwa popote. Ile ilikuwa sinema. Walitufanyia stihizai."

Wakapiga makofi. Ningeyaelewa yangekuwa ya mzaha, lakini yalikuwa makofi ya watu walioona mwenzao amethubutu kusema kweli mbele ya mkubwa.

Barza ya juu wakajibu "Sweden", nikawapa pointi, na kwa pointi hiyo moja wakashinda. Hapo ndipo palipochafuka. Hakimu amekula, hakimu hasomi, hakimu anakariri vitabu vya wakoloni. Mpaka saa sita ya usiku ilikuwa imeshaamuliwa kwamba mpira, jezi na soda vilale kwangu, amana, mpaka ushahidi uletwe. Vilikaa siku 11. Kila asubuhi mke wangu akizipita zile katoni ukumbini alikuwa akiniuliza kama Sweden imeonekana.

Kilichowapoteza kilikuwa kipande cha video cha dakika tisa, kilichokuwa kikirushwa kutoka simu hadi simu. Ndani yake mna picha za mpira, nyeusi na nyeupe. Wazee wa Kizungu wamekaa ofisini wanazungumza kwa utulivu. Mishale imechorwa juu ya vivuli vya wachezaji. Na juu ya yote hayo, sauti nzito ya Kiswahili, ya aina ile ya watafsiri wa sinema za vibandani. Sauti inasema kwamba mwaka 1958, wakati wa Vita Baridi, majasusi wa CIA walikula njama na FIFA pamoja na televisheni za Marekani na Sweden, wakaunda mashindano ya uongo ili wapime televisheni inaweza kuwaaminisha watu mpaka wapi. Vivuli vya wachezaji haviendani na jua la Sweden. Jengo linaloonekana nyuma ya uwanja halimo nchini mle. Kisha kipande kinakatika ghafla, kama mua uliopigwa panga.

Na kweli kilikatwa. Filamu yenyewe ipo, inaitwa Konspiration 58, mtengenezaji wake ni Johan Löfstedt, na ilionyeshwa na televisheni ya taifa ya Sweden, SVT, mwaka 2002. Ni makala ya kubuni: imevaa nguo zote za makala ya kweli, kuanzia sauti ya msimulizi mpaka picha za kale, ilhali kisa kimetungwa. Inafuata kikundi cha watu wanaokana kwamba Kombe lile lilichezwa kwao. Wamo watu wa kweli waliokubali kuingia katika shere hiyo, akiwemo Lennart Johansson, aliyekuwa rais wa UEFA wakati ule. Mwishoni kabisa filamu inajifichua na kusema haya ni ya kutunga. Shabaha ilikuwa kumzoesha mtazamaji kuuliza, asikubali picha, hati wala mtaalamu kwa sababu tu vimekaa kiheshima. Mwenye filamu alichimba shimo akaacha na ngazi ya kutokea. Sisi kilitufikia kipande chenye shimo tu.

Nilimtafuta aliyetia sauti. Hakuwa mbali, anatafsiri sinema katika chumba chenye kompyuta moja na maikrofoni aliyoivisha soksi. Nilikwenda nimejitayarisha kwa ugomvi, nikakuta kijana mpole anayekula mihogo ya kukaanga. Alifanya kazi kwa kufuata maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha, akatia chumvi pale alipoona panahitaji, kwa sababu "bila chumvi watu hawakai". Na ule mwisho?

"Nilikata, ticha. Majina yanapanda tu. Nani anasoma majina?"

Namwamini. Nimesikia watu wakizungumzia video hizi kama kwamba nyuma ya kila moja kuna adui amekaa na ramani. Hapa palikuwa na mtu aliyechoka, akataka faili liwe jepesi.

Sasa makosa yangu, kwa sababu kisa hiki kilirefuka kwa ajili yangu zaidi kuliko kwa ajili yake.

Siku ya pili nilikwenda barzani na simu mkononi, kifua mbele. Nikawamwagia: mashindano yalianza tarehe 8 Juni 1958 yakaisha tarehe 29. Timu 16, michezo 35. Fainali katika uwanja wa Råsunda, pale Solna, kando ya Stockholm. Liedholm akaanza kuifungia Sweden, kisha Brazil wakapiga tano: Vavá mawili, Pelé mawili, Zagallo moja. Simonsson akaipatia Sweden la pili, ikawa 5–2. Pelé alikuwa na miaka 17. Nilipomaliza, nahodha akaniuliza kwa adabu kabisa:

"Hayo yote umeyatoa wapi, ticha?"

"Kwenye intaneti."

"Na sisi pia."

Nikanyamaza. Miaka yote ninayosomesha historia sijapata kufungwa goli la namna hiyo.

Badala ya kurudi nyuma na kufikiri, nikazidisha. Nikawasimulia vioja vya mashindano yale nikidhani utamu wake utawavuta. Kwamba Wales walishindwa kufuzu, halafu wakafuzu: Uturuki, Indonesia na Sudan walijitoa wasicheze na Israel, FIFA hawakutaka timu ipite bila kucheza mchezo hata mmoja, wakapigia kura timu zilizokosa nafasi, jina la Wales likatoka, wakaifunga Israel nje ndani, wakaenda Sweden wakafika robo fainali. Kwamba Just Fontaine, mzaliwa wa Marrakech aliyeichezea Ufaransa, alifunga magoli 13 katika mashindano yale pekee, rekodi ambayo mpaka leo hakuna aliyeivunja, na aliyafunga akiwa amevaa viatu vya kuazima. Kila nilivyoendelea, nyuso zao zilikuwa zikinijibu: unaona sasa? Mtu gani mwenye akili atayaamini haya? Ukweli niliowaletea ulikuwa na harufu ya uongo kuliko uongo wenyewe. Filamu ya Löfstedt imepangwa, kila tukio lina sababu na kila sababu ina mtu nyuma yake. Mpira wa kweli una kura, viatu vya kuazima na timu iliyoingia kwa mlango wa uani.

Halafu wao wenyewe walikuwa wameshaanza kuijengea filamu vyumba vya ziada. Mmoja alinionyesha picha ya fainali: Sweden wamevaa jezi nyeupenyeupe, Brazil wamevaa nyeusi. "Brazil gani hawa? Brazil wanavaa njano." Hoja hiyo haimo katika kipande kile, ni yake, ameigundua, na alikuwa anaipenda kama mtu anavyopenda ng'ombe aliyemzalisha mwenyewe. Jawabu ni jepesi. Timu zote mbili rangi yao ni njano, Sweden wakabaki na yao, Brazil ikawabidi wanunue jezi za buluu hukohuko na kushonea nembo walizozibandua kwenye jezi za njano. Kiongozi wa msafara wao akawaambia wachezaji kuwa buluu ni rangi ya joho la Bibi Mariamu wa Aparecida, basi wasiwe na hofu. Katika picha zisizo na rangi, njano huwa nyeupe na buluu huwa nyeusi. Nilipomweleza alifikiri kidogo, akasema: "Hiyo ya Bibi Mariamu nzuri." Lakini hakuiacha hoja yake. Mtu aliyepewa uongo uliokamilika anaweza kuutupa. Aliyeachiwa nafasi ya kuuongezea tofali lake ataulinda kama nyumba.

Vivuli ndivyo vilivyokuwa nguzo ya hoja yao, na hapo si mimi niliyewasaidia. Alikuwa maalim wa chuo, anayewasomesha Kurani wadogo zao, mtu ambaye kwa mpira hajui hata timu ngapi zinashuka daraja. Alikuwa anapita akasimama kusikiliza, akaomba aonyeshwe ile mishale. Akaitazama sana.

"Mpira huu ulianza saa ngapi?"

Hakuna aliyejua. Hata mimi nilikuwa sijawahi kujiuliza.

"Basi mnapima nini?" akasema. "Kivuli kinakwambia saa, ukishajua uko wapi. Kinakwambia uko wapi, ukishajua ni saa ngapi na mwezi gani. Nyinyi hamna hili wala lile, mnataka kivuli kiwape mji?"

Kisha akaeleza jambo ambalo kila mmoja pale alilisoma akiwa na miaka tisa na kulisahau: wakati wa alasiri unaingia pale kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, ukiongeza kile kivuli kilichokuwepo jua lilipokuwa kichwani. Kabla ya saa za ukutani na ratiba za kuchapisha, hiyo ndiyo ilikuwa saa ya Unguja nzima. Watu hawa walikuwa wanatishwa kwa vivuli ilhali mabibi na mababu zao walikuwa wakivisoma kama gazeti.

Tukaamua kupima. Fainali ya 1958 ilianza saa tisa alasiri kwa saa ya Sweden. Nasi tulikuwa katika juma la mwisho la Juni, msimu uleule. Saa tisa kasorobo tulikuwa kiwanja cha skuli, vijana saba, maalim na futi ya fundi seremala. Tulipima kwanza nguzo ya goli, ikatoka mita 2.44 barabara, kama sheria inavyotaka, jambo lililonishangaza kuliko yote ya siku ile. Ilipotimia saa tisa tukalaza futi juu ya kivuli chake. Mbuzi walikuwa wanakatiza mbele yetu, tukarudia mara tatu. Mita 2 na sentimita 70, ukisamehe nyasi.

Nikapiga hesabu ya Stockholm mbele yao, kwa kalamu, kwenye kipande cha katoni, kila mtu aone. Ni mji ulioko kaskazini kabisa, digrii 59 kutoka ikweta, lakini mwezi wa Juni jua linakuwa upande wao. Saa tisa alasiri, mwisho wa Juni, linakaa kiasi cha digrii 41 juu ya upeo wa macho. Letu sisi, tulioko digrii 6 kusini ya ikweta, saa hiyohiyo linakaa kiasi cha digrii 42. Nguzo yetu ingesimamishwa Råsunda, kivuli chake kingekuwa kiasi cha mita 2 na sentimita 80. Tofauti ya Stockholm na Kikwajuni ikatoka upana wa kiganja cha mkono.

Kijana mmoja akacheka. "Kwa hiyo lilichezwa hapa."

Ndiyo, kwa ushahidi wa vivuli peke yake, fainali ya Kombe la Dunia la 1958 ingeweza kabisa kuchezwa kiwanja cha skuli yetu, na mbuzi wakakatiza. Hata ukiupeleka uwanja mbali, tuseme California, ambako jua la saa hiyo liko juu zaidi, ukisubiri kidogo litashuka na kukupa kivuli kilekile. Mishale ya kwenye video haikuwa imepima kitu. Ilikuwa imechorwa tu. Tulirudi kimya, si kwa kushindwa. Kila mmoja alikuwa anatembea huku anakitazama kivuli chake.

Nilidhani tumemaliza. Nahodha akanambia bado kuna babu.

Babu yake ana zaidi ya miaka 80 na mwaka 1958 alikuwa na miaka 15, mpenzi wa mpira wa kupindukia. Kabla ya chemsha bongo vijana walikuwa wameshamwendea wakamuuliza kama mwaka ule alisikia habari za Kombe la Dunia. Akasema hakusikia. Hilo kwao lilizidi vivuli vyote: mtu aliyekuwepo, mpenda mpira, mwenye akili timamu, hakusikia. Na sikuwalaumu sana, kwani mimi mwenyewe darasani ndiye ninayewaambia wawaulize wazee.

Nikaenda kumwamkia. Akanikaribisha barazani, kahawa ikaja, kashata ikaja. Nilipotaja mwaka 58 akatikisa kichwa.

"Mwaka 58, mwanangu, tulikuwa hatuzikani."

Uchaguzi wa kwanza ulikuwa umefanyika Julai 1957. Baada yake ndipo zilipoanza zile zama za siasa: watu wanagomea maduka kwa kutazama chama cha mwenye duka, majirani hawaendeani arusini wala matangani. Redio ilikuwapo, lakini mtu alikuwa akiitegea habari za hapa. Magazeti yalikuwa yanatupiana maneno. Televisheni Zanzibar iliingia miaka ya 1970 mwanzoni, na ikaingia na rangi kabisa, lakini mwaka 58 picha inayotembea ilikuwa ya kulipia, Majestic au Empire. Yeye kijana wa miaka 15 alikuwa anajua mpira wa Mnazi Mmoja, na anajua Gossage, mashindano ya Kenya, Uganda na Tanganyika ambayo Zanzibar iliingia mwaka 1949. Huo ndio ulikuwa ulimwengu wake, na hakuna bara la Afrika wala Asia lililokuwa na timu kule Sweden ya kumfanya atege sikio.

"Pelé nilimjua baadaye," akasema. "Lakini hawa watoto hawakuniuliza nini kilikuwapo. Wameniuliza nilisikia."

Mjukuu wake, yule nahodha, alikuwa amekaa kizingitini. Aliinama akawa anachezea ndara yake.

Nilipokuwa nataka kuaga, yule nahodha ndipo aliposema lililokuwa moyoni, na nadhani lilikuwa moyoni tangu usiku wa chemsha bongo. Kwamba mimi naitetea FIFA. Kwamba FIFA ni watu wa kufanya lolote. "Sisi wametufanyia nini, ticha?"

Akaanza kunitajia ya mwaka 2017, na hapa maneno yake yote yalikuwa kweli. Tarehe 16 Machi mwaka ule, mjini Addis Ababa, Shirikisho la Soka Afrika liliikubali Zanzibar kuwa mwanachama kamili, wa 55. Ilikuwa mwanachama mshiriki tangu 2004. Nakumbuka honi za magari usiku ule na watu wakihesabu vidole: kufuzu AFCON kwa jina letu, bendera yetu, kisha nani ajuaye, FIFA. Tarehe 21 Julai, mjini Rabat, tukatolewa. Rais mpya, Ahmad Ahmad, alisema haikuwa sahihi tangu mwanzo, nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Miezi minne na siku tano. Desemba ya mwaka huohuo Zanzibar Heroes wakaenda Kenya kwenye Chalenji, kombe la Afrika Mashariki na Kati, wakaifunga Tanzania Bara 2–1, wakaitoa Uganda nusu fainali, wakatoka 2–2 na wenyeji kwenye fainali ya Machakos, wakakosa kombe kwa matuta.

Mdogo wake, wa miaka 14, alikuwa amesimama nyuma ya mlango anasikiliza. Akachomoza kichwa.

"Wanachama kwa miezi minne? Halafu wakatolewa?" Akacheka kwa dhati. "Kaka, hiyo ndiyo sinema."

Tukatazamana mimi na nahodha. Mtoto yule alikuwa miongoni mwa waliopiga makofi.

Nikamtajia jengine. Kwamba mwaka 1995 Zanzibar ilikwenda Uganda kwenye Chalenji ikalichukua kombe, goli moja kwa bila mbele ya wenyeji. Akaniomba picha. Nikatoa simu, nikatafuta, nikatafuta tena kwa jina jengine. Nilichopata ni jedwali la matokeo na picha moja yenye ukungu ambayo ingeweza kuwa ya timu yoyote yenye jezi. Hana kosa aliyenikodolea macho. Kombe ambalo watu wa Sweden wamelifuta kwa mchezo lina mikanda ya filamu, picha za magoli, viatu katika makumbusho. Kombe ambalo sisi tumelichukua kweli lina ukungu. Njia waliyoitumia vijana kulifuta la 1958, yaani onyesha picha, onyesha shahidi, kwa nini babu hakusikia, ingelifuta la 1995 kwa nusu saa, na hakuna Löfstedt ambaye angetokea mwishoni kusema alikuwa anatania.

Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini kipande kile kilishika Kikwajuni kama moto wa makuti. Nilikuwa nikidhani wamekosa elimu ya kukagua ushahidi. Walikuwa nayo, tena ya ukali: vivuli, jezi, shahidi wa zama. Walichokuwa nacho pamoja nayo ni uzoefu wa kweli wa kuona jambo la soka linaandikwa mjini fulani na kufutwa mjini kwengine, na wao hawapo mezani. Ukishaona wanachama 55 wakirudi kuwa 54 kwa kikao kimoja, kuambiwa kwamba Kombe zima lilipikwa hakukushtui. Inaonekana ni kazi ya watu walewale, ila kubwa zaidi.

Kuna filamu nyengine ya aina hii, ya Kiitaliano, ya mwaka 2011, ambayo inakwenda kinyume: inadai kulikuwa na Kombe la Dunia la 1942 huko Patagonia, lililosahauliwa. Sote tunajua miaka ya 1942 na 1946 hayakuchezwa, kwa sababu ya vita. Nimejiuliza kama hiyo ingetufikia kwanza, ikakatwa mkia, ingepata wafuasi wangapi barzani. Nadhani wachache. Kombe la ziada halimfariji mtu wa Kikwajuni. Kombe la uongo linalofutwa, hilo linamwambia kwamba hata wakubwa hawana walichokuwa nacho.

Amana ilitolewa siku ya kumi na mbili. Niliishika pointi yangu: jibu ni Sweden, na barza ya juu wameshinda. Nahodha alikubali mbele ya watu, kwa maneno yake mwenyewe: "Lilichezwa, lakini ticha hakuweza kutuonyesha, ametuonyesha maalim." Sikupinga. Jezi zikaenda juu, soda zikanywewa na wote, na mpira wakaamua wenyewe uchezewe siku hiyohiyo. Yule mtafsiri naye alitoa toleo jipya lenye mwisho wake, na sauti yake inasema wazi kwamba kisa ni cha kubuni. Limekwenda polepole sana. La mwanzo bado linanirudia kwenye simu, mara ya mwisho kutoka kwa binamu yangu wa Wete, na maneno "ticha umeona hii?"

Jioni ile kabla ya mchezo, babu alimwita mjukuu wake, akatoa bahasha kutoka ndani ya msahafu wa zamani. Ilikuwa picha ya timu, kumi na mmoja wamesimama na wawili wamechuchumaa, miguu mitupu, mmoja wao kaka yake mkubwa, marehemu. Nyuma hapakuandikwa kitu ila "Mnazi Mmoja". Hakuna mwaka, hakuna jina la timu.

Kijana hakuuliza ni nani na nani. Aliisogeza kwenye mwanga wa mlangoni, akaweka kidole gumba kwenye kivuli cha kaka wa babu, kisha akakipandisha kwenye mwili wake, akapima tena. Kivuli kilikuwa kirefu kuliko mtu, kama mara moja na nusu na ushei.

"Babu, hapa ilikuwa saa kumi imepita?"

Mzee hakuinua macho kutoka kwenye kikombe chake.

"Tulikuwa tumeshasali alasiri," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika viatu vya mpigapicha."